Chuma Kimelala Kifuani

...na bado hakinyanyuki, kimenilalia kifuani kama mgeni aliyeshiba, hakina haraka na mtu, tulia, tulia mwanaume, vuta pumzi ndogo, kubwa inauma, ndogo ndogo kama anayeonja chai ya moto, hivyo, hujakwama wewe, umepumzika tu, umelala chali kwenye benchi lako mwenyewe, ndani ya karakana yako mwenyewe, mchana kweupe, mlango umeurudisha mwenyewe ili jua lisikupige machoni, nani akwambie umekwama, wewe ndiye uliyeinua ekseli ya lori siku jeki ilipopasuka, lori zima, limejaa mchanga, na dereva bado yumo ndani anachokonoa meno, watu walipiga makofi mpaka mmoja akalia, labda halikuwa limejaa, labda mchanga ulikuwa umeshashushwa, lakini ekseli ilikuwepo, hapo hakuna wa kunibishia, sasa leo bomba moja na magurudumu mawili ya zege ndiyo yanifanye nini, haya, kusanya nguvu, meno yaume, sukuma... kimepanda, kimepanda upana wa kidole, mikono inatetemeka kama jenereta inayoishiwa mafuta, twende, twende... kimerudi, tena kimerudi kwa dharau, kimekaa pale pale chini ya chuchu kama kina hati ya kiwanja.

Ni huu wingi, ndiyo, ni huu wingi ulioniponza, maana yule mwalimu wa mazoezi mwenye shingo kama kisiki aliniambia, mzee, wewe unataka mwili ujae, siyo kushindana na mtu, basi fanya seti kumi, kila seti mara kumi, pumzika dakika, rudi, pumzika, rudi, mpaka misuli ijae damu na ngozi ianze kulalamika, ila uzito punguza, chukua nusu ya unaouweza, nusu tu, mzee, tumeelewana, nikamwambia tumeelewana, na kweli nilielewa, ile habari ya wingi niliielewa sawasawa, hiyo nusu ndiyo iliyonipita, nusu ni ya nani, mimi kitu nilichowahi kufanya nusu ni shule peke yake, basi nikachukua uzito wangu ule ule wa siku zote, kilo mia, wapo wanaosema haifiki mia, hao ni wale wasioweza kuuinua, nikafanya seti zote tisa bila kuomba maji, vizuri kabisa, ya saba nilipunguza kidogo kwenye kuhesabu, niliruka kutoka nne kwenda saba, hesabu hazijawahi kunipenda, na hii ya kumi, hii ya mwisho, ndiyo hii hapa, imeniketia.

Wenzangu huko kwenye majumba ya mazoezi wana vyuma vya kuchomoa, mtu akizidiwa anakiinamisha upande mmoja, sahani za uzito zinateleza, pwaa, sakafuni, anainuka anajifanya anafunga kamba za viatu, yamekwisha, lakini hiki cha kwangu nimekichomelea mimi, fundi wa mageti mimi, nusu ya mageti ya mtaa huu yanafunguka kwa sababu yangu, nikasema magurudumu yasicheze, nikamwaga zege kwenye makarai mawili ya chuma, likakauka likalia kama kengele, nikayachomelea makarai kwenye bomba ndani na nje, mshono mmoja mnene wa moto, safi, mkwe wangu akasimama kutazama, yule Njiti, jina hilo nimempa mimi, mume wa binti yangu, fundi wa friji, mwembamba mpaka akigeuka kiubavu unadhani ameaga, nikamwambia, Njiti, hiki hakiachii mpaka siku ya kiama, akakizunguka, akakigonga kwa kidole, akasema, kazi nzuri, baba, ila siku ukikwama je, nikacheka mpaka nikashika ukuta, ukikwama, eti ukikwama... Jaribu kukiviringisha kuelekea tumboni, nimejaribu, kilifika penye mbavu za chini kikaminya ini nikaona nyota, nikakirudisha, halafu tumboni hapapiti kirahisi, si kitambi, ni misuli iliyolegea, inamisha basi, nimeinamisha, gurudumu la kushoto limegota kwenye mguu wa benchi, mguu niliouchomelea pia mimi, na umeshika vizuri, Mungu wangu nilikuwa fundi mzuri siku ile.

Sauti hizo, wapo, sikiliza, wapo nyuma ya huu ukuta wa bati, pale kwenye bomba la maji, binti yangu anafua, nasikia nguo zikipigwa, na Njiti yuko naye, anakamua, yule na mikono yake ile shuka litamshinda, hatua chache tu na bati lenyewe lina matundu, haya, wape sauti moja watakuja, vuta, "Haaah... nisai...", na pumzi ikaishia hapo, na binti yangu anasema, "Umemsikia? Ameanza tena na simba wake," na Njiti anasema, "Leo simba ana mafua," wanacheka, wanacheka wote wawili, na haki yao, maana mimi kila nikinyanyua nanguruma, mtaa mzima unajua, yule bibi wa nyumba ya jirani huwa anaifuata sauti yangu kujua saa ya kulisha kuku, nimenguruma miaka yote hii kwa mambo madogo, leo limekuja lenyewe na mngurumo umeshatumika.

Pumzi ndogo, moyo unagonga bomba kwa chini kama anayebisha hodi, na vidole vya mkono wa kulia havina habari, na Njiti sasa hacheki, ameshusha sauti, anadhani nimeshaanza kuhesabu, nikihesabu huwa sisikii, "Gari la kampuni linakuja Jumatatu asubuhi," anasema, "wanataka kujua mtu mmoja au wawili, niwajibu nini?" na nguo zinaacha kupigwa, maji tu, ni ile kazi ya kiwanda cha maziwa, matangi ya kupozea, mji wa mbali, nyumba ya bure yenye vyumba viwili na shule ya ushonaji ambayo binti yangu ameizungumzia tangu hajaolewa, naijua habari hii, Njiti aliniletea kwanza mimi, alikaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa, akasema, baba, nimepata, lakini mke wangu hataki kukuacha peke yako, aliona aibu akaangalia miguu yake, na mimi ndipo nilipokwenda kwa yule mwenye shingo kama kisiki, hiyo ndiyo sababu, si kingine, kwa sababu tangu mke wangu atutoke makoti yangu yananing'inia kama yako kwenye msumari, na binti anayaona, ananipakulia mara mbili halafu anajifanya kijiko kimekosea, nikasema basi nitajaza, kifua kijae, mabega yajae, shingo ipotee, aamke siku moja akute dume la mbegu linakunywa chai barazani, aseme, huyu wa kuachwa yupi, apande gari aende zake kwa roho safi, nilikuwa nimekaribia, fulana hii ilishaanza kubana, au ilirudi kwa kufuliwa.

"Waambie mmoja," anasema binti yangu.

Hapana, hapana hapana hapana, usiseme hivyo mama, na ukiniona hivi ndiyo utakuwa umemaliza, ukisukuma mlango huo ukanikuta nimelala chini ya bomba kama panya kwenye mtego utasema si nilisema, utatoa nguo zako kwenye begi moja moja, basi usije, ngoja, baba yako anatoka hapa mwenyewe, mara moja tu, nguvu ya mara moja, miguu ikanyage, kiuno kiinuke, moja, mbili... hakuna, hata kidole hakuna, sasa hata kutetemeka kumeisha, mikono imelala juu ya bomba kama nguo zilizoanikwa, na pumzi inayoingia ni ndogo kuliko inayotoka, hiyo hesabu hata mimi naiweza, inaishia wapi, inaishia wanipate jioni wakija kuniita kula, na yeye atakuwa alisimama hapo na sabuni mkononi akicheka simba... pumzi, shika pumzi, paa lina tundu jipya pale, nilipaswa kuliziba.

"Sikiliza," Njiti anasema, "mzee ana nguvu kuliko mimi na wewe, juzi kabeba mtungi wa gesi begani kama mto," kijana mzuri huyu, kesho nitamtafutia jina lingine, "ana nguvu, nani amekataa," anasema binti yangu, "wewe unadhani naogopa aanguke? Watu wanaanguka. Naogopa siku akianguka hatamwita mtu. Tangu nizaliwe hajaniambia hata mwanangu hebu nishikie hapa. Siku ile mama alipozidiwa, baba alimbeba mwenyewe mpaka kwenye teksi, mkoba kaubeba yeye kwa meno, kwa meno, unasikia, mimi niko mlangoni na mikono mitupu. Angekuwa na mdomo wa kuomba hata maji, ningeondoka leo leo, na begi nisifunge," na mkoba, ndiyo, ulikuwa wa ngozi nyeusi, nimeisimulia habari hiyo mara ngapi, mkoba kwa meno, mke mikononi, dereva wa teksi alifungua mdomo akasahau kuufunga, watu wakiisikia husema we acha, na katika kuisimulia kote huko mlangoni hapakuwahi kuwa na mtu, mlango ulikuwa unajifungua wenyewe, sasa namuona, kanga mbichi, ameushikilia mlango wazi kwa mgongo ili nipite, mikono kaiweka hivi mbele, wazi, ananifuata kwa macho, anangoja nimpe hata kiatu, kiatu kilichodondoka, nikakiokota mimi, nikainama na mtu mikononi nikakiokota kiatu, na kila mtu akasema lile ndilo dume.

Kifua kilichojaa, kumbe, hakimpeleki popote, ningeweza kujaza mpaka nishindwe kupita mlangoni na bado Jumatatu gari lingeondoka na Njiti peke yake, kumbe alikuwa haangalii mabega... acha, hakuna pumzi ya kufikiria, iliyopo ni ya maneno machache, na usingurume, ukinguruma umekwenda, watacheka, watasema mafua, sema tu, sema kama mtu anayeomba chumvi, lakini hayo maneno yako wapi, yanaanzaje, mdomo huu umesimulia lori na mchanga na dereva na meno yake na hili dogo haulijui, linaanza na hebu, au linaanza na jina, jina lake lile la nyumbani halinitoki, nalitafuta, nimemwita kwa amri tu miaka yote, leta, ondoa, funga geti, moyo unabisha hodi, chuma hakijasogea, tundu la paa liko pale pale, nguo zimeanza tena kupigwa, taratibu, moja moja, na katikati ya pigo na pigo kuna nafasi, ndogo, inatosha mtu, ngoja ipite hii, hii siyo, inayofuata, vuta kile kilichobaki, usikipandishe kooni, kiache kitoke chini hivyo hivyo kilivyo, kibovu, chembamba, "Mama," nimesema, "hebu njoo unishikie, nimezidiwa," na nyuma ya bati nguo haikupigwa.