Sauti ya Televisheni ya Amoni

Tangu Amoni afariki, sebule yake pale Ibighi, Tukuyu, ilipoa kabisa, na mjane wake, Atupokile, ambaye majirani walimwita Mama Prosper, aliitupia lawama televisheni. Marehemu aliinunua ikiwa mtumba, miaka ile bidhaa za kila namna zilipoanza kumwagika nchini. Ilikuwa na tabia moja mbaya: ikishawaka kwa muda, sauti inakatika, inarudi, inakatika tena.

Enzi za Amoni hakuna aliyejali. Sauti ikipotea, alisimama kando ya kioo akawasimulia wazee habari kwa Kinyakyusa, na asipojua, alitunga. Kuna siku alimfanya waziri aahidi mbolea ya bure kwa kila mwenye mgomba, watu wakapiga vigelegele. Jamani, sebule ile ilikuwa tamu!

Sasa wazee hawaji. Nani atoke kwake na mvua ile kutazama midomo inayochezacheza? Atupokile akaipeleka televisheni kwa fundi Hezron. Hezron akasafisha kitufe cha sauti, televisheni ikasema siku nzima kibandani. Ilipofika nyumbani, kimya. Fundi akaona isiwe taabu, akaifuata hukohuko.

"Mama, iwashe kama unavyoiwasha siku zote."

Akaiwasha, akaifunika kitambaa chake cha kufuma mpaka matundu ya nyuma. Haikuchukua muda sauti ikakata. Hezron akafungua mgongo, akagongagonga ndani taratibu kwa mpini wa bisibisi. Alipofika karibu na waya wa spika, sauti ikarudi.

"Lehemu imepasuka hapa. Ikipata joto inaachia. Na wewe mama umeivalisha sweta!"

"Na baridi hii ya Tukuyu, mwanangu?"

Hezron akacheka, akalehemu upya. Kitambaa kikahamia kwenye kiti cha Amoni.

Jioni wazee walikuja, chai ikamiminwa. Habari zikasomwa bila kukatika hata neno. Wazee walikaa mikono magotini, kama wako kanisani. Katikati ya habari, Mzee Andongwisye akachukua mwavuli wake.

"Ndaga fijo, asante sana, Mama Prosper. Sauti imepona. Ila sisi tulikuwa tunamsikiliza Amoni."

Maneno yale yalimchoma. Tangu aolewe, Atupokile hakuwahi kusimama mbele ya wageni akasema neno. Akainuka, akazungusha kitufe mpaka sauti ikaisha, akasimama kando ya kioo, palepale pa mumewe. Kwenye kioo alikuwapo bwana mmoja mwenye tai.

"Huyu," akaanza kwa Kinyakyusa, "anasema ile mbolea ya bure imekwama njiani."

Mzee Andongwisye akauegemeza mwavuli ukutani, akaketi.