Ng'ombe wa Damascène

Damascène alikuwa na hakika na jambo moja: Habiyaremye hawezi kumgusa. Miaka ya nyuma alimgawia ng'ombe mwenye mimba, na tangu hapo Habiyaremye akiapa, huapa kwa jina lake. Mtu uliyempa ng'ombe ni wako mpaka kaburini. Ndivyo Damascène alivyolelewa, na ndivyo alivyoamini siku ile ya mwaka tisini na moja redio ilipotangaza kwamba bunge la Rwanda linajadili mswada wa kupitia upya uhusiano wa kibalozi na kibiashara na Uganda.

Kujadili tu, jamani. Lakini vijana wa mtaa wao wa Gatsata hawakungoja kura. Kufikia adhuhuri walikuwa wameshachoma vibanda vilivyouza sabuni ya Kampala na kumpasua kichwa mama mmoja muuzaji.

Kamanzi, dereva wa lori la Damascène, alizaliwa Uganda, na vita vilipofunga mpaka akakwama Kigali. Alikuwa ameshafunga mfuko wake.

"Mzee, acha niende Niboye kwa shangazi."

"Baki hapa. Kiongozi yao ni Habiyaremye. Ule ni mtu yangu, nilimupa ng'ombe."

Kamanzi akaufungua mfuko. Hata chai alikunywa.

Kundi lilipofika, Habiyaremye alikuwa mbele, rungu begani, mkono wa pili ukimvuta yule ng'ombe kwa kamba. Damascène alitabasamu. Maskini wa Mungu, alidhani ameokoka. Habiyaremye alimfunga ng'ombe kwenye nguzo ya lango bila haraka yoyote.

"Ng'ombe yako iko hapa, mzee. Bunge iko naangalia upya urafiki na Uganda. Na mimi nimeangalia ya kwetu. Sasa mimi na wewe hatuna kitu. Toa ule Mganda."

Hapo ndipo Damascène alipoelewa. Alisimama mlangoni akatanua mikono. Rungu la kwanza lilimvunja mkono, la pili mbavu, kisha wakapita juu yake wakimkanyaga. Kamanzi alitolewa akiburutwa miguu, akiita, "Mzee, mzee," mpaka jiwe lilipomnyamazisha. Walimpiga palepale langoni hadi uso wake usitambulike. Ng'ombe alivuta kamba, macho yamemtoka, damu ikimrukia miguuni.

Jioni redio ilisema mswada umerudishwa kwenye kamati na utajadiliwa siku nyingine. Damascène aliisikiliza akiwa amekaa chini kando ya maiti. Ng'ombe alikuwa akilia, kiwele kimejaa, kwa sababu ndama wake alibaki kwa Habiyaremye.

Médiatrice, mkewe Damascène, alileta shuka la kumfunika Kamanzi. Akauona ule mfuko mlangoni, shati moja likining'inia nje.

"Huyu si alikuwa anaenda Niboye?" aliuliza. "Nani alimwambia abaki?"

"Mimi," alisema Damascène, akaanza kulia kwa sauti.