Prosesa Nne Bila Mstari

Seva ya kiwanda chetu cha chai huku Bomet ina prosesa kumi na mbili za kupiga hesabu, lakini nne zilikuja zimefungwa. Kazi ikizidi, unazifungua kwa namba ya siri, kwa siku thelathini tu. Mvua iliponyesha na majani ya chai yakafurika kwenye vituo vya kununulia, nilizifungua. Rekodi za mizani bado zilijikokota. Siku tatu nililaumu mtandao, nikalaumu stima, nikamfokea hata karani wa mizani, Mzee Okemwa, aliyekuwa nyapara wa wachumaji kabla hajaletwa ofisini.

Hakukasirika, hata nilipomwambia nimefungua prosesa nne zaidi na bado rekodi zake zinachelewa. Alivuta kiti. "Madam Priscah, hizo nne umezipa mistari gani?"

"Mistari?"

"Mchumaji asiyeonyeshwa mstari wake anakaa kando ya shamba na kikapu kitupu. Lakini siku yake inahesabiwa."

Nikaangalia. Seva tumeigawa vyumba vitatu: mizani, stoo na barua pepe. Zile nne hazikuwa kwenye chumba chochote, na siku za kuzitumia zilikuwa zimebaki ishirini na saba. Nikaziingiza chumba cha mizani, na kilo za majani zikaanza kumiminika kwenye skrini.

Nilidhani amemaliza. Akasogeza kiti karibu zaidi.

"Na barua pepe ina ngapi?"

"Nne."

"Zinafanya nini?"

Nilikifungua chumba hicho mbele yake. Zote nne zilikuwa zimekaa bure, na ni mimi niliyeziweka hapo miaka miwili iliyopita.