Konokono Wana Mwenyewe

Kwetu ni ufukweni kabisa, upande wa Magu, na mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi yangu moja tu: kungoja. Nangoja matokeo, nangoja mjomba aniite Kirumba nikauze mitumba, nangoja chochote. Ndipo akaja Daktari Selina. Si daktari wa sindano, ni wa chuo kikuu. Akapanga vyumba viwili kwa mama, akashusha wanafunzi wake wa mwaka wa pili, Antoni na Mboni, akashusha ndoo, nyavu ndogo za kuchotea, mabuti. Nikajua hawa wamefuata samaki. Akasema hapana, tumefuata konokono.

Nilicheka mpaka mama akanikanyaga mguu.

Kumbe huyo konokono ni mgeni. Ana gamba refu lenye ncha, zamani hakuwepo ziwani kwetu, na hakuna anayejua alipanda nini kuja. Anazaana balaa, anawasukuma wenyeji. Wanafunzi walitakiwa wajue wako wangapi pale ufukweni. Sasa huwezi kuwahesabu wote, kwa hiyo unakamata baadhi, unawapaka rangi ya kucha mgongoni, unawarudisha majini. Baada ya wiki unachota tena. Ukikuta wenye rangi ni wachache kati ya uliowachota, jua konokono ni wengi mno. Mi mwenyewe nilielewa, na hesabu ndizo zilizonitesa shule.

Daktari alikuwa na tabia moja ya kuudhi. Ukimuuliza, anakuuliza.

"Daktari, tuchote asubuhi au jioni?"

"We unaonaje?"

Antoni akasema huyu mama analipwa kwa maswali. Basi akawaachia kazi, akarudi zake Mwanza mjini.

Kwa Mboni haikuwa mchezo. Aliwahi kuugua utafiti ukakwama, na safari hii ukikwama tena anarudia mwaka. Kurudia siku hizi ni kwa mfuko wako, si unajua serikali imeshasema watu wachangie. Baba yake ni fundi cherehani Usagara. Alishamwambia, mwanangu, mwaka mwingine sina.

Kabla ya kupaka rangi, Mboni akaomba mkutano wa kitongoji. Akili nzuri kabisa. Akawaamkia wazee, akasema, "Wazee wangu, konokono mtakaowaona na rangi nyekundu ni wetu. Tunaomba wasipotee."

Mwenyekiti akarudia kwa Kisukuma. Mzee Shimba, mwenye ng'ombe wengi kuliko maneno, akajibu, "Hapa kwetu hakijapotea cha mtu."

Sasa kwetu sisi mnyama mwenye alama ana mwenyewe. Ukikuta ndama wa mtu anazurura humpiti. Unamrudisha, unaeleza ulimkuta wapi na alikuwa anaelekea wapi, unakaribishwa kitu cha kunywa, unaondoka. Haina mjadala.

Asubuhi baada ya kupaka, tuko uani na chai, akaingia jirani yetu Mama Ngosha ameshika jani la mgomba kwa ncha za vidole.

"Binti, huyu wako alikuwa ametoroka."

Mboni akafungua jani. Konokono, rangi nyekundu, mzima wa afya.

"Shikamoo mama. Asante, ila..."

"Marahaba. Mfungie vizuri, huyu ana mwendo."

Tulicheka sana. Mchana wakaja wengine, huyu na kopo, huyu na kofia, mtoto mmoja kamtia kwenye soksi. Jioni Mzee Shimba akaja na kibuyu chenye konokono watatu, akamkemea Mboni kwamba mfugaji halali mifugo ikiwa nje. Mboni akazunguka nyumba hadi nyumba kuomba wawaache huko huko. Watu wakaona binti wa watu ana haya ya kusumbua, wakaongeza bidii.

Siku ya kuchota ilipofika, hakutoka mwenye rangi hata mmoja. Karibu wote walikuwa uani kwetu, kwenye ndoo, wanakula mchicha wa mama.

"Tuwamwage leo, kesho tuchote," Antoni akasema. "Nani atajua hawakukaa majini wiki nzima?"

Mi nikasema hiyo ndiyo akili. Mboni akabeba ndoo mpaka majini, akasimama, akarudi nayo imejaa vile vile.

"Nikidanganya," akasema, "ataniuliza swali moja tu, nianguke."

Kesho yake Daktari akafika. Mboni akamweleza yote.

"Kwa hiyo unajua wako wangapi?"

"Sijui."

"Unajua nini?"

Hapo hapo akabisha hodi Mzee Masalu, mkulima wa mpunga, na kopo lake.

"Nimemkuta kwenye majaruba yangu, kule juu ng'ambo ya barabara. Alikuwa anaelekea kwa jirani yangu Chenge."

Antoni akacheka. Mboni hakucheka.

"Babu, ziwa linafika kwenye majaruba yako?"

"Lifike lina miguu?"

"Juzi ulikuja ufukweni?"

"Nilikuja kubeba magugu maji. Natandaza kwenye nyanya, pembeni ya mpunga."

Mboni akaigeukia ndoo. "Daktari, hawa wote waliletwa pamoja na maelezo ya walikokutwa."

"Umeyaandika?"

"Hapana. Nilikuwa nawapa chai."

"Waliowaleta wapo?"

"Wapo."

"Mi naondoka kesho jioni."

Tulikimbia, ndugu yangu. Kila nyumba wanakumbuka, na wanaeleza kama vile ni dume la ng'ombe lililopotea: huyu alinaswa kwenye wavu ulioanikwa, huyu alikuwa kwenye ndoo ya kunyweshea ndama, yule kashikilia mizizi ya magugu, na mmoja kaokotwa kilimani, kusikofika wavu wala magugu. Kesho yake jioni Mboni akachora kijiji kizima kwa kijiti pale uani, akamweka kila konokono alipokutwa. Wenyewe wakawa wanahama, mi nawarudisha.

Daktari akazunguka, mikono nyuma.

"Hawa wamesafiri na magugu. Hawa na nyavu. Na huyu wa kule kilimani?"

Mboni akamtazama Antoni, akanitazama mimi.

"Huyo sijui, Daktari."

"Vizuri. Huyo utamtafuta ukiwa mwaka wa tatu."

Ilichukua muda kutuingia. Mboni akasema asante, sauti ndogo, akaenda nyuma ya jiko. Antoni akainuka amfuate, mama akamvuta shati.

"Kaa. Mwache alie kidogo."