Matembezi ya Mama Kanku

Tata Kabasele alipoteza kazi mwezi wa tano, na mwezi wa sita mke wake, Mama Kanku, akaanza matibabu ya kansa ya titi. Majirani walisema misiba miwili imeingia nyumba moja. Kabasele hakubishana nao, lakini ule msiba wa pili ulimpa kitu cha kufanya.

Kwa miaka ishirini na sita alikuwa pointeur kwenye mgodi wa Kolwezi, yule mtu wa mlangoni anayeandika kila mfanyakazi ameingia saa ngapi na ametoka saa ngapi. Lakini mwaka ule wa 1993 mgodi ulikuwa umekufa. Mashine zilisimama, shimo lilijaa maji, wala hapakuwa na mtu wa kuingia au kutoka. Kabasele aliendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri, ananyoa ndevu, anavaa saa yake ya mkononi, kisha anakaa kwenye kiti akiutazama mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Kwa hiyo siku ya sindano ya kwanza, muuguzi Simone alipoanza kuwaeleza namna ya kuishi na ile dawa, Kabasele alikuwa tayari ametoa daftari.

"Mama, hii dawa itakuchokesha," Simone alisema. "Lakini kulala siku muzima itakuchokesha zaidi. Utembee kila siku, hata kidogo. Upumzike mbele ya nguvu kuisha, hapana nyuma yake. Muchana ulale nusu saa, sababu ukipitisha, usiku usingizi itakukatala. Na siku utasikia mwili iko moto, unaacha yote, unakuya hapa palepale."

"Atembee dakika ngapi?" Kabasele aliuliza.

"Zenye ataweza, tata."

"Unipe namba."

Simone alimtazama Kanku. Kanku alitazama dari. "Basi kumi," Simone alisema, ili waende.

Kesho yake ratiba ilikuwa imebandikwa ukutani, na mistari yake imepigwa kwa rula. Saa mbili, kutembea. Saa saba, kulala. Kabasele alisimama mlangoni na saa mkononi, na mke wake alipopita kwenda barabarani, aliandika. Aliporudi, aliandika tena.

"Umechelewa dakika nne."

"Nilikutana na mama Charlotte, tukasalimiana."

"Kusalimiana haiko mu ratiba."

Kanku alimpita akaingia ndani. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, mwembamba, na nywele zake zilikuwa zimeanza kubaki kwenye mto. Kuna siku miguu yake ilikuwa mizito kana kwamba amevaa viatu vya mtu mwingine. Siku hizo alifika kwenye bomba la maji tu, akageuka. Lakini aliona pia kwamba siku alizotembea, chakula kilipita kooni, na siku alizobaki kitandani hakikupita. Jambo hilo hakumwambia mume wake, maana angeliandika.

Shida ya pili iliitwa Fidélie. Fidélie alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye asili ya kaskazini ya Katanga, mkoa uleule wa Kolwezi, muuza mikate ya mafuta, rafiki wa Kanku tangu wote wawili wakiwa wasichana. Yeye aliamini kwamba mgonjwa kazi yake ni moja, kulala chini ya blanketi mbili na kula. Akimkuta Kanku ameshika ufagio, anamnyang'anya. Akimkuta barabarani, anamrudisha. Kabasele akimtoa mke wake kitandani saa mbili, Fidélie anamrudisha saa mbili na dakika tano.

"Unataka kumuua mwenzangu," Fidélie alimwambia Kabasele.

"Ni Simone alisema."

"Simone hata mutoto hayazala. Anajua nini?"

Asubuhi moja Kanku aliamka kabla ya wote wawili, akazunguka nyumba sita, akaenda kubisha kwa Fidélie. Alipofunguliwa alikaa juu ya gunia la unga, akahema.

"Nimekuya kukuambia kama leo sina nguvu ya kutembea," alisema.

Fidélie alimtazama, akatazama barabara aliyotoka, akacheka mpaka akashika mlango. Tangu siku ile alitembea naye, na mazungumzo yao yalimharibia Kabasele hesabu zote za dakika.

Halafu, mwezi wa tisa, vijana wa Katanga walipita mtaani wakipiga filimbi, wakisema watu wote wenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, warudi kwao. Kanku alikuwa amezaliwa Kolwezi. Kasai aliijua kwa hadithi za baba yake, aliyeletwa kutoka huko kuchimba shaba. Lakini nyumba ya tatu kutoka kwao ilivunjwa milango, na Jumamosi Kabasele alifunga godoro kwa kamba. Fidélie alibeba sufuria mpaka mwisho wa mtaa, analia, na katikati ya kulia anamgombeza Kanku kwa kubeba ndoo.

Walikwenda gare, kituo cha treni, kama maelfu ya wengine. Watu walilala kwenye jukwaa, chini ya mabehewa mabovu, ndani ya vibanda vya mashuka. Treni ya Kasai ilikuja ilipotaka, pengine baada ya wiki tatu, pengine miezi miwili. Kanku alikuwa amebakiza sindano mbili.

Kabasele alitandika godoro kati ya masanduku mawili, akatafuta msumari, akabandika ratiba kwenye ubavu wa behewa.

Kutembea pale kulikuwa kazi nyingine kabisa. Ukinyanyua mguu unatafuta pa kuuweka, kati ya mkono wa mtu na chungu cha mtu. Na kila familia ilitaka kusalimiwa. Mita mia mbili zilichukua karibu saa nzima. Wiki ya pili wanawake wengine walianza kumfuata, wa kwanza Tshilombo, mama wa mapacha, ambaye alisema akikaa tu anaanza kufikiri. Walikwenda kwa mstari mmoja, vitenge vimekazwa, na mtu alipouliza wanakwenda wapi, Kanku alijibu, "Mpaka kule, na kurudia."

Kutembea kuliwezekana. Usingizi ndio haukupatikana. Watoto walilia, redio zilipiga, na mvua za kwanza zilipita katikati ya mashuka. Kanku alikonda uso. Fidélie, aliyekuja kila mchana na bukari, yaani ugali, na samaki, alimtazama siku tatu, kisha akasema, "Unaenda kulala kwangu. Nusu saa, sawa vile Simone alisema. Halafu nakurudisha."

Kwenye njia ya mtaani vijana walikuwa wameweka kizuizi cha magogo. Mmoja aliwasimamisha.

"Huyu ni nani?"

"Ni dada yangu mukubwa," Fidélie alisema. "Anagonjwa."

"Anafanana mutu wa Kasai."

Kanku alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali. Alivua kitambaa cha kichwa, akajifutia jasho nacho. Kichwa chake kilikuwa kitupu kabisa, hata nyusi hazikuwepo. "Angalia muzuri, mutoto yangu," alisema taratibu, kwa Kiswahili kilekile cha Kolwezi alichozaliwa nacho kijana. "Niko nafanana mutu wa wapi?"

Kijana alirudi nyuma hatua mbili, akainua gogo mwenyewe. Wanawake wale wawili walipita wakiwa wamenyooka kama wanakwenda misa. Nyuma ya kona Fidélie aliketi ghafla kando ya njia. Kanku alimshika mkono, akamwinua, wakaendelea. Kila mchana baada ya hapo kijana yule akiwaona kwa mbali alikuwa akiinua gogo mapema.

Treni ilifika siku sita kabla ya sindano ya mwisho. Majina yalisomwa, na la Kabasele lilikuwemo. Alikuwa tayari ameinua sanduku begani.

"Shusha," Kanku alisema.

"Mama, ni treni. Hatujui ingine itakuya lini."

"Sindano tunajua itakuya lini. Kunabakia siku sita tu."

"Watu wanakufa hapa. Mvua iko nanyesha."

"Nimechomwa hii sumu mara tano, tata. Nimetapika mbele ya gare muzima. Sitaacha moja nyuma sababu ya treni."

Kabasele, sanduku bado begani, alitazama saa yake. Hakuwahi maishani mwake kuchelewa kitu chochote. Kisha alilishusha, akaenda kwa msomaji wa majina, akaomba nafasi zao wapewe Tshilombo na mapacha wake. Treni ilipoondoka aliipungia mkono, na mke wake alimwona akijifuta macho kwa daftari.

Sindano ya sita ilipita. Siku ya nane mwili wa Kanku ulipata moto. Kabasele na Fidélie wakamkimbiza hospitali kwa baiskeli, mmoja anasukuma, mwingine anamshika. Alilazwa siku tano. Simone alisema kama moto huo ungemkuta njiani ndani ya behewa, pengine hadithi ingeisha vibaya. Kabasele hakuandika hilo.

Treni iliyofuata ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Fidélie alileta mto, mikate sitini, na maneno mengi kuhusu blanketi. Kisha akamnyang'anya Kanku ndoo, akaipandisha behewani mwenyewe.

Walipofika Tenke injini iliharibika, treni ikalala hapo siku mbili. Kabasele, ambaye pale gare alikuwa amelinda godoro miezi mitatu bila kufumba macho vizuri, alikaa kwenye kona ya behewa akasinzia. Alilala saa moja, tatu, sita. Abiria walimruka. Mkoba mmoja ulimwangukia kifuani, hakuamka.

Kanku alishuka peke yake. Alitembea kando ya mabehewa, juu ya kokoto, mpaka la mwisho, akaendelea mbele kidogo kwenye nyasi zilizolowa. Nywele mpya zilikuwa zimeanza kutoka, fupi na laini, na upepo ulizigusa. Alipochoka alikaa juu ya jiwe. Aliposikia nguvu imerudi, aliinuka. Mwanamke mmoja alimwita dirishani, akamuuliza ametembea muda gani.

"Sijue," Kanku alisema. "Mwenye saa amelala."

Huko Kasai, mjini Mwene-Ditu, daktari alimpima, hakuona uvimbe wowote, akamwambia arudi baada ya miezi sita. Alirudi baada ya miezi sita, na tena, na tena, miaka kumi na minne, kila mara kwa miguu.