Bango la Njano kwa Tadjiddine

"Hatugawi tena hapa," muuguzi alisema kwa Kimalagasi, huku akivuta dirisha la zahanati. "Kondomu zimehamia madukani. Serikali na kampuni inayozileta zimekubaliana. Tafuta duka lenye bango la njano."

Echata akashika ukingo wa dirisha. "Mtaani kwetu Mahabibo bango liko duka moja tu, dada. La Tadjiddine, mjomba wa mume wangu."

"Basi si karibu zaidi?"

Karibu! Ukaribu wa pua na mdomo. Muuguzi huyuhuyu ndiye aliyemtibu vidonda alivyoletewa na mumewe Chaïbou safari iliyopita kutoka kisiwa cha Nosy Be, anakoendesha boti za watalii ufukweni Ambatoloaka. Huyuhuyu ndiye aliyemwonya: usikubali tena bila kinga. Na Msa, mwenzake Chaïbou wa boti moja, walimzika Mfungo Sita, mwepesi hata wabeba jeneza wakatazamana. Chaïbou anarudi leo alasiri.

Echata aliogopa. Njiani akajishikiza kwenye ukuta wa msikiti akijidai anatoa mchanga kiatuni. Kumkatalia mume? Vita hiyo haiwezi. Lakini kitu kikiwepo, chini ya mto, labda atathubutu kusema ni amri ya daktari. Labda.

Kwenye bango mke na mume walikuwa wanacheka, chini yao mhuri wa wizara na nembo ya kampuni. ULIZA HAPA BILA WOGA. Tadjiddine alikuwa anapima mchele. Echata akangoja wateja waishe, kisha akasema upesi kabla ulimi haujamganda.

"Kwezi, mjomba," akaamkia. "Naomba... zile za kwenye bango."

Mzee akaacha kupima. "Mume wako hayupo. Za nini?"

"Anarudi leo."

"Mume anarudi, mke ananunua hizi?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Echata. "Nimeziweka kwa ajili ya mabaharia na wale wanawake wa bandarini. Si kwa nyumba ya mpwa wangu."

"Muuguzi amesema—"

"Muuguzi ndiye aliyekuoa?"

Akatoka mikono mitupu. Astaghfirullah, astaghfirullah, mpaka kwake. Alipofika mlangoni ndipo alipokumbuka: Chaïbou hajawahi hata mara moja kuingia kwa mkewe kabla ya kumsalimu mjomba. Ndiyo adabu ya kwao, mtu akitoka safari, mjomba kwanza. Yeye mwenyewe alizoea kumsifia kwa hilo mbele ya majirani.

Akapika. Angefanya nini kingine? Wali wa nazi ukamuungulia. Alasiri akasikia hatua, polepole, si za mtu aliyeikumbuka nyumba yake.

Chaïbou hakusalimu. Aliketi mkekani, akatoa mfukoni pakiti ya kondomu, akaiweka kati yao.

"Mjomba kanipa. Kasema ulikwenda kuitafuta." Alimtazama bila kupepesa. "Haya, ya nani?"

"Yako," Echata alisema. "Wallahi, mume wangu, ni yako wewe."

"Mimi sijakutuma."

Nje likapita gari la matangazo, kipaza sauti kikichangamka: kinga sasa iko karibu na nyumba yako, uliza bila woga. Watoto wakalikimbilia wakishangilia. Chaïbou akainuka, akafunga dirisha, kisha mlango, akamwonyesha kitanda kwa kidevu, akaanza kufungua mkanda. Pakiti ilikuwa palepale mkekani, haijafunguliwa.