Pwani ya Uroa kwenye Kompyuta ya Mkurugenzi

Jumatatu, wafanyakazi walipomaliza chai na maandazi, Bashira alichomoa fleshi kwenye kompyuta ya mkurugenzi na kuiwasha upya. Alikuwa ameshaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu Ofisi ya Ugawaji wa Pwani, iliyokuwa ghorofani katika nyumba moja kongwe ya Mkunazini, ilikuwa imechoka kusumbuliwa na ujumbe kwamba programu yake ya zamani ni ya wizi. Kompyuta ilinguruma, ikawaka, kisha ikabaki nyeusi tii, kistari kimoja cheupe kikipepesa pembeni.

"Imekufa?" aliuliza mkurugenzi, Bwana Suhail, aliyesimama nyuma yake na kikombe mkononi.

"Haijafa, Bwana. Haijaielewa kadi ya picha tu. Ndiyo kawaida yake ikiwa mpya."

Bashira alikuwa fundi wa kibarua. Alikuwa ameahidiwa kwamba hii ikikaa sawa atapewa kompyuta za ofisi nzima, na pamoja nazo ajira ya kudumu, jambo ambalo mama yake aliliombea dua kila baada ya sala. Kwa hiyo hakufanya pupa. Aliiamuru iwake bila kuijali kadi ya picha, akaingiza dreva yake, yaani programu ya kuiongoza kadi hiyo, akaiwasha tena. Safari hii ukatokea ukurasa wa kuingilia, wenye jina la mkurugenzi kwa herufi nzuri. Bwana Suhail akaandika neno lake la siri. Kompyuta ikalikubali, ikazimika kidogo kama inayofikiria, ikamrudisha palepale. Akaandika tena, ikamrudisha tena.

"Inanifanyia vile tunavyowafanyia watu," alisema.

Bashira akapita mlango wa nyuma wa kompyuta, ule wa kioo cheusi na amri za kuandika kwa mkono, akatafuta kwa muda.

"Ndani ya folda lako mna faili lenye jina la mwenyewe mwengine, Bwana. Nalibadilisha liwe lako."

"Kubadilisha mwenyewe ni kazi kubwa?"

"Mstari mmoja tu."

"Hata hapa kwetu," alisema mkurugenzi, akanywa chai yake.

Kompyuta ikafunguka. Hapakuwa na paneli, wala ikoni, wala saa. Palikuwa na pwani ya Uroa, maji yamekupwa, vigingi vya mwani vimesimama safu kwa safu na kamba zimefungwa baina yake. Upepo ukatoka kwenye kioo ukazipeperusha karatasi za mezani, na nyuma ya upepo yakaja maji, taratibu, juu ya kibodi.

Anuar, katibu muhtasi, alichungulia mlangoni.

"Ya bomba au ya chumvi?"

"Ya chumvi."

"Basi nkalete dekio jengine," akasema, akaondoka.

Bashira aliigeuza kibodi imwage maji, akaamua kuwa tatizo ni picha ya nyuma tu. Akaweka nembo ya ofisi. Mama mmoja mtu mzima, kanga kajifunga kiunoni, akatokea upande wa kulia wa kioo, akaibandua nembo, akaikunja, akaikalia, akaendelea kufunga mbegu za mwani kwenye kamba.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mie Mwanakheir, wa Uroa. Suhail yupo?"

Nyuma ya kiti, Bwana Suhail alitikisa kichwa.

"Hayupo, Bi."

"Nnamuona hapo nyuma yako, kashika kikombe." Hakusema kwa hasira. "Nilikuja hapa kabla ya Ramadhani, nkaambiwa kompyuta mbovu, ikitengenezwa ndiyo nije. Nkaja tena, bado mbovu. Leo nkasikia inatengenezwa. Basi nshakuja."

Hilo halikuwa na ubishi. Mkurugenzi akasogea mbele, akaweka kikombe mahali pakavu.

"Karibu, Bi. Una shida gani?"

"Vigingi hivi vyangu, na kabla yangu vya mama yangu. Watu wa hoteli wanasema pwani mmewapa nyinyi. Mie nataka uviangalie tu, useme vya nani."

Bwana Suhail hakuviangalia. Asubuhi ile Bashira alikuwa amemweleza kwamba Linux ina mazingira ya eneokazi ya kila namna, yaani sura ya mbele unayoiona ukiiwasha, na kwamba mtu akichoka na moja huweka nyengine. Sasa mkurugenzi akamnong'oneza kuwa tatizo bila shaka ni mazingira. Ayaondoe.

Bashira akayaondoa, akaweka mengine mepesi zaidi. Ikafunguka pwani ileile, ila sasa saa ilikuwepo, chini.

"Hapo saa naiona vizuri," alisema Bi Mwanakheir. "Ahsante."

Akaweka ya tatu, yale ya kompyuta kuukuu. Pwani ileile, na maji yameanza kujaa. Walinzi wa hoteli, wamevaa sare, walikuwa wakipita majini wakiving'oa vigingi. Kila kilichong'olewa kilitoka kwenye kioo kikaangukia mezani, kimelowa. Anuar, aliyekuwa akidekia, aliviokota akaviegemeza kabatini, virefu nyuma na vifupi mbele. Nyuma ya walinzi ukuta ulikuwa ukipanda, na rangi nyeupe ilikuwa imeshapakwa hata kabla ya matofali kufika juu.

"Ushaona?" aliuliza Bi Mwanakheir.

"Suala lako linashughulikiwa, Bi," alisema Bwana Suhail, akitazama dirishani. Kisha akamgeukia Bashira. "Pwani hii haiwezi kuwekwa mahali isionekane?"

Iliwezekana. Kwenye Linux eneokazi moja lina vyumba vinne, na mtu anaweza kufanya kazi katika cha kwanza mpaka astaafu bila kujua kuna vyengine. Bashira alimweleza haya, mkono juu ya mausi. Alimtazama Bi Mwanakheir, vidole vimekunjamana kwa maji, akifunga kamba ambayo vigingi vyake vilikuwa vimeegemea kabatini. Akatamani mkurugenzi abadili mawazo mwenyewe. Mkurugenzi alikuwa akiangalia saa. Bashira akamkumbuka mama yake juu ya msala, akiomba dua.

"Samahani, Bi. Nakusogeza kidogo."

"Wapi?"

"Hapo pembeni."

"Hata wale wa hoteli walisema pembeni," alisema Bi Mwanakheir, akakusanya kamba zake.

Akahamishiwa chumba cha nne. Cha kwanza kikabaki kikavu, nembo katikati, paneli chini, ikoni zote kwenye mstari. Bwana Suhail akacheza karata kidogo ili kuhakikisha, akaridhika. Mwezi haukwisha Bashira akawa mwajiriwa, na mama yake akapika pilau akawaita majirani.

Kompyuta nyengine zilikuja na yao. Ya mhasibu ilifungukia makaburi ya Kendwa, na maiti wakauliza kwa adabu kwa nini magari yanaegeshwa juu yao. Ya msajili ilileta mnazi mmoja wa Mbweni uliokuwa ukiangusha madafu mapajani mwake. Bashira hakuhangaika tena na dreva wala mazingira. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha nne.

Mwaka ulipokaribia kwisha ofisi ikahitaji kalenda. Bwana Suhail mwenyewe ndiye aliyefungua chumba cha nne na kuchagua picha: Bi Mwanakheir kainama majini, ukuta mweupe nyuma yake, anafunga kamba isiyoshikwa na kitu. Chini yake pakachapwa maneno, Pwani Yetu, Fahari Yetu. Kalenda ilipendwa sana, hasa mahotelini. Kosa lake lilikuwa kuvuja, na kila aliyeitundika aliweka beseni chini.

Bashira aliitundika yake jikoni. Beseni lilipojaa aliona hasara kuyamwaga maji, akaumwagilia mrehani wake uliokuwa dirishani. Mrehani ukakauka. Jumamosi akaenda Darajani kununua mwengine.